Hodi ya Fundi Lifti

Saa tano usiku, Tbilisi, jikoni kwetu,
kaka yangu Badri ameshika simu
kama mtu aliyepewa yai la jirani alitunze.
Mimi napasua jozi kwa nyundo ndogo.
Jozi: neno moja, tunda na viatu,
na wawili waliokubaliana.
Simwambii hilo. Ana wasiwasi wa kutosha.

Ameandika *Habari mrembo*. Amefuta.
Ameandika *Mambo*. Amefuta.
Ameandika aya nzima ya mwezi na nyota,
yeye ambaye mara ya mwisho kuziona nyota
umeme ulikuwa umekatika
naye yuko juu ya paa la jengo, akimlaani mota.

"Natela, nisaidie."

Nisaidie! Mimi niliyepokea *Habari mrembo* mia mbili,
nikajibu moja,
nikaolewa nayo, nikaachika nayo.
Hodi inayobishwa kila mlango
haimwamshi mtu, Badri.
Mwenye nyumba anageukia ukutani
anaendelea kulala.

Lete hiyo picha.

Ketino. Arobaini na mbili. Mwalimu wa fizikia.
*Napenda kusafiri na kucheka*,
kama sisi sote tusio na nauli.
Picha ya kwanza, harusi ya mtu mwingine.
Ya pili, mbwa.
Ya tatu, yuko kwenye roshani, ghorofa ya juu sana,
jua linamchoma jicho moja.

"Umeona nini?"
"Macho yake."
"Macho yake wameyaona wanaume wote wa mji huu.
Wewe, umeona nini?"

Akanyamaza. Akaikuza picha kwa vidole viwili,
vile vidole vyenye grisi isiyotoka hata Pasaka,
akampita uso, akampita bega,
akafika pembeni, kwenye chuma cha roshani.
"Ndoo," akasema.
Ndoo nyekundu, imefungwa kamba ndefu.
"Anashushia pesa, anapandishia mkate.
Maana yake lifti yao imekufa.
Na hilo fundo, Natela, ni baya.
Fundo hilo litamwangusha siku moja,
yaani, litaiangusha ndoo."

Nikaiweka nyundo chini.
"Andika hivyo hivyo."
"Nani anaanza mapenzi kwa fundo?"
"Nani amekwambia mapenzi? Wewe bisha hodi tu."

Akaandika. Nusu saa kwa mistari mitatu.
Akanisomea kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya umeme:
*Habari Ketino. Naona mnapandisha mkate kwa ndoo.
Lifti yenu ina tatizo gani? Mimi ni fundi.
Fundo la kamba halijakaa vizuri, naomba ulitazame.*
Nikamwambia atoe neno *tatizo*. Akakataa.
Nikaona hapo amepona.
Akatuma. Akaifunika simu kwa sahani.

Asubuhi chai imepoa, sahani imefunuliwa,
Badri amekuwa mwekundu hadi shingoni.
Ameandikiwa:

*Lifti imekufa tangu Februari.
Inameza sarafu, haiendi popote, kama mume wangu wa zamani.
Fundo alilifunga baba, mwaka aliofariki.
Miaka kumi na moja, halijaangusha hata kipande cha mkate.
Ila umekuwa wa kwanza kuiona ndoo.*

"Nimemtukana baba yake," akasema Badri.
"Marehemu, Natela. Nimemtukana marehemu."

Nilikuwa nimevaa koti, nimechelewa kazini.
Akanifuata hadi mlangoni na simu yake,
"Sasa nimjibu nini? Nijibu nini sasa?"
Nikatafuta sarafu ya lifti mfukoni,
nikapata ganda la jozi,
nikapata sarafu.

"Ile ya kwanza tumeandika wote," nikamwambia.
"Hii ni yako."

Nikashuka. Lifti yetu, angalau, inafanya kazi.
Ghorofa ya sita nikamsikia bado yuko pale juu, mlango wazi,
anajaribu kwa sauti, peke yake:
*Baba yako alikuwa nani.*
Halafu kimya.
Halafu tena, taratibu zaidi.